Mkeka Uliopimwa kwa Urefu Wangu

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali na huwezi kugeuka mpaka uite mtu, basi nimekuandikia wewe. Wazima nao wasome, siwafukuzi, ila wasinicheke nikikaa sana kwenye habari za mikeka. Mgongo wangu niliurudisha juu ya mkeka. Na mkeka huohuo ndio ulionipa mshtuko ambao mpaka leo, kichwa kikiwa kimejaa mvi, nikiukumbuka nashika kifua.

Mimi ni Mwajuma, mzaliwa wa Tabora mjini. Wakati huo tulikuwa tunakaa Cheyo: mimi, mume wangu Salum ambaye ni seremala, binti yetu Asha, na mama yangu mzazi, Bi Tatu, aliyehamia kwetu baada ya baba kufariki. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mama alikuwa msukaji, na mtaa mzima ulijua kwamba mkeka wa bibi harusi unaagizwa kwa Bi Tatu na si kwingine. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Kila Jumamosi tulikwenda na majembe kwenye shamba la ushirika, na jioni baraza letu liligeuka darasa la kina mama wanaojifunza kusoma.

Shamba lile ndilo lililoniangusha, au niseme ndiko nilikoangukia. Niliinama kupalilia karanga, nikashindwa kunyooka. Wenzangu wakacheka. "Mama Asha, huo uvivu wa mjini huo!" Nami nikacheka, nikajua nimejitegua. Nikakandwa kwa maji ya moto, nikapakwa mafuta ya nyonyo, nikaumikwa kwa pembe mpaka mgongo ukawa na madoadoa. Miezi ikapita. Halafu asubuhi moja nikakaa kwenye cherehani yangu ya miguu, nikauamuru mguu ukanyage. Haukukanyaga. Niliutazama kwa macho yangu, uko pale, kiatu kimevaliwa, na hausikii. Nilipiga ukelele mpaka Salum akaja na randa mkononi.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Benchi za hospitali mnazijua: mbao moja, watu kumi na wawili, na kila jina likiitwa wote mnasogea hatua moja kwa makalio. Mama mmoja nisiyemjua aliona ninavyokunja uso, akavua khanga yake ya juu, akaikunja, akaniwekea mgongoni. Jina lake likaitwa, akaingia ndani. Sikumwona tena, na sikumrudishia khanga yake, ninayo mpaka leo.

Daktari alipomaliza kunitazama akasema nina kifua kikuu, kimeingia kwenye uti wa mgongo.

"Daktari," nikamwambia, "mimi sikohoi."

"Najua."

"Sasa kifua kinafuata nini mgongoni?"

Akanieleza. Sikuelewa siku ile na leo naelewa nusu, kwa hiyo sitajitia ualimu hapa. Ninachokumbuka ni Salum kushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mtu ambaye sijawahi kumwona akishika kitu asichotaka kukipima. Nililazwa siku hiyohiyo. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili.

Wakanivisha plasta ngumu, wenyewe wanaiita hogo, kutoka kwapani hadi nyonga. Mvua za kwanza zilinikuta ndani ya hogo. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, mimi natazama dari. Sindano kila siku, leo upande huu, kesho upande ule, mpaka nikikaribia kuchomwa nyama inajificha yenyewe. Kuwashwa! Hakuna anayekwambia kuhusu kuwashwa. Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Ipole, mke wa mrina asali, naye alikuwa na chupa ndogo chini ya mto. Kila jioni alitumbukiza kijiti akanipa nilambe. Asubuhi moja nikaamka, kitanda chake kimetandikwa shuka safi. Nikamwuliza nesi, "Bibi amehamishiwa wapi?" Nesi akanitengenezea mto wangu tu. Nililia kwa kwikwi ndani ya hogo, na ndani ya hogo huwezi hata kulia vizuri.

Mwezi wa Ramadhani nilizidiwa. Homa, chakula kinarudi, nikakonda mpaka hogo likawa linacheza. Mama alikuwa akija na uji wa kufuturu akanikuta sijui asubuhi wala jioni. Nilikuja kutoka humo, sijui kwa vipi. Wakati wa mahindi mabichi wakalikata hogo kwa msumeno, wakainua shuka. Nikaona miguu miwili myembamba, ngozi imepauka inabanduka.

"Hii miguu ya nani?" niliuliza, na sikuwa natania.

Juma hilo daktari akaandika niende nyumbani. Sasa sikilizeni, hapa ndipo kosa letu lilipoanzia. Daktari alimaanisha kwamba dawa nitamezea nyumbani na mazoezi nitafanyia nyumbani, kitanda wapewe wengine. Lakini kwetu sisi, mgonjwa anayetoka hospitali kwa miguu yake ameruhusiwa. Anayetolewa kwa machela amerudishwa. Nilitolewa kwa machela, nikapakiwa kwenye gari la jirani lililokuwa limebeba mbao, nikaingizwa Cheyo huku majirani wamesimama milangoni. Salum angeweza kumwuliza daktari, "Je, mke wangu atapona?" Hakuuliza. Mama hakuuliza. Watu wa kwetu hatuulizi swali ambalo tunaliogopa jibu lake. Nami hakuna aliyenieleza walichokuwa wanakifikiria.

Siku ya tatu tangu nirudi niliamka alasiri nikamkuta mama amepiga magoti kando ya kitanda. Ana uzi wa ukindu mkononi, ameunyoosha kutoka utosini kwangu mpaka kwenye nyayo. Alipoona nimefumbua macho akauviringisha haraka kidoleni.

"Unanipima nini, Mama?"

"Gauni. La Idi ijayo. Si umekonda?"

Gauni kwa mtu ambaye hasimami! Lakini nilifurahi, nikajiona mtoto anayepimiwa nguo. Nikarudi kulala.

Mtu pekee aliyeniambia waziwazi kwamba nitatembea ni Bwana Masanja, mtaalamu wa viungo, Mnyamwezi wa Lusu kule Nzega, mfupi, ana viganja vizito, haoni haya kumkalipia mtu. Kila Alhamisi Salum alinikalisha kwenye baiskeli, akanifunga kiunoni na kitenge, akaisukuma mpaka hospitalini. Tulikuwa hatuzungumzi sana njiani. Yeye alifikiri anasindikiza, mimi nilifikiri amechoka nami.

"Mwangaluka, Mama Asha," Masanja hunisalimu kwa Kinyamwezi. "Jana umeinua kiuno mara ngapi?"

"Mara tano."

"Mwongo. Unafanyia wapi?"

"Kitandani."

Siku ile akakasirika kweli. Kitanda cha kamba kinazama, akasema, kila unachokijenga mchana kinabomoka. Teremka sakafuni. Na usiteremke juu ya chochote tu ulichokikuta. Tafuta mkeka unaokufaa wewe, si unaomfaa jirani. Mkeka wenyewe usiteleze. Usikuchune viwiko na uti wa mgongo, maana huna nyama. Ukuzidi urefu kiganja kimoja juu na kimoja chini, ili kisigino kisilale kwenye saruji ya baridi. Uweze kufuliwa kwa maji, kwa sababu utatokwa na jasho la ng'ombe wa kulima. "Na la mwisho," akasema, akaninyooshea kidole, "uwe mwepesi uukunjue mwenyewe na uukunje mwenyewe. Siku unangojea mtu akutandikie, hiyo siku hujafanya mazoezi. Na mtu akikosa siku tatu, mimi simjui."

Nikacheka. Ningekosaje mkeka katika nyumba ya Bi Tatu?

Lahaula! Kumbe mkeka wa kulalia si mkeka wa kujifunzia kutembea. Nilianza na mkeka wangu wa harusi, kazi ya mama mwenyewe, mwekundu na wa kijani na wa zambarau, umesukwa laini wa kupapasa. Nikakunja magoti, nikakanyaga, nikasukuma kiuno juu. Mkeka ukateleza kwenye saruji kuelekea mlangoni na mimi nimo. Kichwa kikagonga mguu wa kabati. Asha alikuja mbio akidhani kabati limeanguka.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema aliyekuja kuhakikisha kama kweli siwezi kuja shambani, aliniona nilivyo akaona aibu. Kesho yake akaniletea jamvi la ofisini, lile wanalokalia kwenye mikutano. Halikuteleza, nampa haki yake. Lakini liliunguza viwiko mpaka vikatoa damu, lilinuka miguu ya mkutano mzima, na kulikunja kulihitaji wanaume wawili. Godoro la sufi nikazama humo kama yai kwenye unga. Blanketi juu ya gunia likajikunjakunja chini ya mgongo, nikashinda siku mbili nikiugulia fundo moja.

Kisha akaja shemeji yangu kutoka Nzega, kaka mkubwa wa Salum, amebeba ngozi ya ng'ombe. "Hii ndiyo dawa ya mgongo," akasema. Akaitandika, nikalazwa juu yake. Ilikuwa ngumu, imejikunja pembeni, manyoya yanateleza, na nzi wakajaa chumbani. Nimelala hapo hapo natazama juu, shemeji akamgeukia mdogo wake.

"Salum, nyumba haikai bila mwanamke anayesimama. Oa. Huyu utamtunza, hatukukatazi."

Alisema hivyo juu ya kichwa changu, kana kwamba mimi nami ni ngozi. Nilipigwa na butwaa, nikasahau hata maumivu. Nikamtazama Salum. Salum akatazama nje. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Shemeji aliondoka, nzi wakabaki. Usiku ule sikumwita Salum anigeuze, nilimwita mama.

Basi ndiyo hivyo. Ikawa kila Alhamisi naulizwa, kila Alhamisi nadanganya, na Masanja anajua. Miguu haikuwa inarudi. Niliona kabisa ninavyoachwa: asubuhi wote wanatoka, nabaki na dari.

Wiki mbili baadaye mama akaitwa Ipole, wifi yake amefariki, akaaga kwamba atakaa mpaka arobaini ipite. Kiangazi kilikuwa kimeingia, nyumba ina vumbi, kimya. Siku ya pili nikajitupa chini kutoka kitandani. Nikaburuta makalio mpaka kwenye chumba cha mama. Nilikuwa natafuta mkeka wowote, hata kipande. Nyuma ya kitanda chake niliona kitu kirefu kimesimamishwa ukutani, kimeviringishwa ndani ya kaniki kuukuu. Nikakivuta.

Mkeka mpya. Mweupe, hauna hata uzi mmoja wa rangi. Mikanda yake ya ukili imesukwa minene, imeshonwa kwa kubanana, kazi ya kutulia, lakini upande mmoja haujapigwa pindo, ncha za ukindu zimetokeza. Nikajua ni oda ya mtu, haijaisha. Nikasema moyoni, mwenye mkeka anisamehe, nitaufuta kabla mama hajarudi.

Nikaukunjua. Nikalala. Ndugu zangu, ulikuwa umenizidi kiganja kimoja kichwani na kiganja kimoja miguuni. Nikasukuma kiuno: umeshika sakafu. Nikateremsha mgongo mfupa kwa mfupa kama Masanja alivyonifundisha: haunichuni. Niliinua kiuno mara kumi na tisa siku ile, jasho likanitoka mpaka masikioni. Nikaukunja mwenyewe. Ule mkono niliokunjia nikaubusu, wallahi nikaubusu.

Kila siku hivyohivyo. Wanatoka, naukunjua. Wanakaribia kurudi, naukunja. Ncha za ukindu zilinichoma vidole vya miguu na siku ya sita ndipo nilipogundua kwamba zinanichoma, yaani nasikia! Nilicheka peke yangu. Alhamisi ya tatu nilipiga magoti mbele ya Masanja bila kushikwa. Akainama kunitazama magoti.

"Umepata mkeka gani wewe?"

"Wa watu," nikasema.

"Usiurudishe."

Sasa niwaeleze jambo moja la upande wa mama, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, njia ya kwenda Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa tajiri kichwani na juu ya mzigo mkeka wake mwenyewe, ndio kitanda, ndio mswala, ndio sanda akifa. Babu huyo aliugua njiani. Wenzake wakamwacha chini ya kivuli, mmoja akachukua na mkeka, maana mgonjwa atakwenda nao wapi. Akafukiwa na wapita njia, hana cha kumsitiri. Habari zilipofika nyumbani, mkewe akaapa: hakuna wa damu yake atakayebebwa juu ya mkeka wa kuazima. Tangu hapo, ingawa msikitini upo mkeka wa jeneza wa watu wote, sisi kila mmoja husukiwa wake, mweupe, na mtu wa damu yake. Nilikuwa naijua desturi hiyo. Lakini ni ya wazee! Nilimwona bibi yangu akisukiwa akiwa haoni tena kwa macho. Nani angewaza mambo hayo kwa mtu wa miaka thelathini na mbili?

Mama alirudi bila kutuma habari. Nilikuwa nimelala juu ya mkeka, goti moja nimelivuta kifuani, nasikia mlango, nikidhani ni Asha ametoka shule. Kikafuata kishindo. Chupa ya asali ya Ipole imepasuka kizingitini, mama amesimama nyuma ya vigae, mikono kichwani.

"Inna lillahi!"

"Nani kafa tena, Mama?" nikauliza.

"Toka hapo! Toka hapo, Mwajuma! Toka!"

"Nitatokaje haraka na mimi nimekunja mguu? Nitaulipia, mwambie mwenyewe..."

Akaja mbio, akakanyaga asali na vigae, akanishika kwapani, akaanza kuniburuta nje ya mkeka. Hapo ndipo nilipotazama ule mkeka kwa mara ya kwanza, naapa ilikuwa mara ya kwanza. Mweupe. Wa mtu mmoja. Kiganja juu, kiganja chini. Na ule uzi wa gauni la Idi. Idi ilikuwa imepita na gauni sikuliona.

Nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye nyayo, zile nyayo ambazo miezi hazikuhisi kitu.

"Mama. Huu ni wangu?"

Akakaa chini, kwenye asali.

"Mama, ulinipima nikiwa hai? Macho yangu yanakuona?"

"Ulikuwa umerudishwa, mwanangu," akasema. "Kwa machela."

Sijui nilisema nini baada ya hapo. Asha anasema sauti yangu ilisikika mpaka kisimani. Najua nilimwita mama majina ambayo mtoto hamwiti mzazi, na niliomba radhi miaka mingi baadaye, akasema hakumbuki, naye alikuwa anakumbuka. Nilikuwa nimejiona ninapona kumbe nalala juu ya maziko yangu. Kila zoezi, kila jasho!

Salum aliporudi alitukuta hivyo, mmoja upande huu, mwingine ule, mkeka katikati. Hakuuliza kitu. Nikajua.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukindu aliutoa wapi, na yeye wakati ule alikuwa haondoki kwenye kitanda changu?"

"Niliuleta mimi," akasema. "Kwa baiskeli. Na dawa zako nilizileta kwa baiskeli hiyohiyo, Mwajuma. Siku moja, njia moja. Sikujua kipi kitatangulia." Akakaa kwenye kizingiti, akainamisha kichwa. "Na kaka yangu nilimpelekea jibu. Nilimwambia asinitajie tena mambo ya kuoa. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu kwamba alilisema mbele yako."

Siku tano sikuzungumza na yeyote kati yao. Na siku tano sikufanya mazoezi. Mkeka ulisimama ukutani, nami nalala kwenye kamba natazama dari. Ya tatu ilipopita nikamkumbuka Masanja: mtu akikosa siku tatu, mimi simjui. Nikaanza kuogopa kitu kingine, kwamba nitakufa kwa hasira baada ya kukataa kufa kwa ugonjwa.

Siku ya sita mama aliingia bila kubisha hodi. Akaukunjua mkeka, akautandika sakafuni, akanionyesha upande ule wenye ncha.

"Tazama hapa. Umenijua mimi tangu unazaliwa. Nimewahi kuacha kazi bila pindo?"

Nikazitazama zile ncha.

"Niliusuka siku tisa. Nikafika hapa mkono ukakataa. Nikasema, nisipoupiga pindo, si mkeka bado. Na kama si mkeka, hakuna wa kubebwa juu yake. Nikauficha. Kila asubuhi natoka chumbani kwangu, nakuja kusikiliza mlangoni kama unapumua, narudi kuutazama. Haujaisha, nasema. Mwanangu hajaisha."

Nilimtazama mama yangu. Alikuwa amezeeka katika mwaka huo mmoja, mashavu yameingia ndani, na mimi nilikuwa natazama miguu yangu tu. Nilianza kulia, naye akaanza, tukaliliana pale bila kushikana.

Baadaye akafuta kamasi, akatoa sindano ndefu ya kushonea ukili na kichane cha ukindu wa rangi, mwekundu na wa kijani. "Mweupe ni wa maiti," akasema. "Wa mtu hai una rangi. Mimi niliapa siumalizi. Utaumaliza wewe."

"Mimi sijui kusuka, Mama."

"Ndiyo. Nilizaa fundi cherehani. Siku yangu ikifika sijui utaninunulia wapi."

"Dukani kwa ushirika, kwa foleni," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Nilishona pindo lile siku nne, nimelala kwa ubavu, na lilitoka baya. Mama alilitazama, akaninyooshea kidole. "Limepinda kama mgongo wako."

Nikarudi sakafuni. Mvua za kwanza zilipokuja nilikuwa natembea kutoka kitandani mpaka barazani kwa kushika ukuta. Ukuta wa ndani mpaka leo una mstari mweusi wa kiganja changu, Salum alikataa kuupaka chokaa. Siku niliyoingia chumba cha Masanja kwa miguu, mkono mmoja ukutani, alisema, "Umechelewa," akageuka kutafuta kitu kwenye kabati ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo wewe uliyelala, chukua haya. Ulizeni daktari, hata kama midomo inatetemeka, kwa sababu kimya chetu nusura kinizike. Na ukitafuta mkeka wa kufanyia mazoezi, uujaribu kwa mgongo wako mwenyewe, usichaguliwe kwa uzuri wala kwa heshima ya aliyeuleta. Mimi wangu ulinifaa kuliko yote kwa sababu aliyeusuka alinipima kwa upendo, japo alikuwa amekosea anapima kwa ajili ya nini. Nililala juu yake kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka wa kumi na mmoja mama alifariki, mahindi yakiwa mabichi. Wanawake walipokwisha kumwosha wakaniuliza, "Mkeka wake uko wapi?" Wote wa ukoo walikuwa wanaijua desturi. Wa kumsukia nilikuwa mimi, mtoto wake wa pekee, nami sikuwahi kujifunza. Nilikwenda chumbani kwangu, nikauvuta wangu chini ya kitanda. Nikaukunja mwenyewe, nikaupeleka.

Shangazi akashtuka. "Mwajuma, huu umelaliwa na mtu hai! Una jasho! Na una rangi!"

"Pindo nilishona mimi," nikamwambia. "Ni mkono wa damu yake."

Akapapasa lile pindo lililopinda, akaushika mkeka upande mmoja. Wakautandika juu ya jeneza. Mama alikuwa mfupi kuliko mimi, ukamzidi sana upande wa miguu. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, hivyo nilisimama mlangoni wanaume walipoinua. Salum alikuwa mbele. Wakanipita karibu, ile nyekundu na kijani ikining'inia. Nikawatazama mpaka wakakata kona. Nilikuwa nimesimama muda wote, na sikushika ukuta.